Kuuziana gari kwa kujuana

Mjini Bujumbura gari likiuzwa, tangazo lake la kwanza ni mdomo. Mwenye gari humdokeza jamaa yake, jamaa humpigia shemeji, na jua halijazama mnunuzi ameshapatikana: jirani wa Ngagara, mwenzake wa kazini, mtu waliyesoma naye darasa moja. Bei hukatwa kwa soda mbili, ufunguo ukatolewa hapohapo. Karatasi je? “Hizo tutamalizana tu, wewe si mtu wa mbali.” Fuatilia ugomvi wa gari kati ya marafiki katika mji huu, mara nyingi utayakuta maneno ya namna hiyo mwanzoni kabisa mwa kisa.

Na magari yenyewe ni mazee. Mengi yalianzia Japani, ambako gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka mitatu tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama inapoanza kuuma mwenyewe huona heri aliuze. Linapigwa mnada, linapanda meli hadi Dar es Salaam, linavuka mpaka wa Kobero, linalipiwa ushuru kwa Ofisi ya Mapato, OBR, ndipo linaingia Bujumbura, usukani kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Aliyeliagiza hulitumia miaka kadhaa, halafu anamuuzia rafiki, rafiki naye anamuuzia binamu. Tangu dola iadimike nchini kuagiza lingine si jambo jepesi, kwa hiyo gari moja aina ya Probox linaweza kupita mikono mitatu minne ya watu wanaojuana, bila hata mmoja wao kuuliza wa kwanza alilipata katika hali gani.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla. Hoja yake ilikuwa hii: muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui; kwa kuogopa kutapeliwa, mnunuzi hutaja bei ya chini, mwenye gari zuri anaona hasara, analirudisha nyumbani, sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 kazi hiyo ilimpatia Nobel, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Sisi mtego huo tunaukwepa kwa kujuana. Sinunui kwa mtu nisiyemjua, nanunua kwa fulani, ambaye hawezi kunificha.

Lakini kujuana huko huko ndiko kunakomfunga mnunuzi mdomo, na hapa ndipo naona tunapokosea. Muuzaji angekuwa mgeni, mnunuzi angekuja na fundi, angetaka gari liwashwe asubuhi likiwa la baridi, angeinama uvunguni na tochi. Kwa rafiki anaona haya, maana kuleta fundi ni kama kumwita mwenzako mwongo. Muuzaji naye hana nia mbaya. Anaposema “gari zima” anamaanisha linamfikisha kazini na kumrudisha. Pengine hajui kwamba gia ya tatu inaanza kuteleza, kwa sababu mguu wake umeshaizoea. Basi wanauziana kitu ambacho hakuna kati yao aliyekitazama sawasawa.

Mahali pa kukitazama papo. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye barabara za namba, ndio hospitali ya magari ya mji huu. Fundi aliyekulia pale hahitaji mashine. Anafungua kifuniko cha mafuta ya injini na kukigeuza: akikuta utando mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, anajua huenda maji yameingia kwenye oili, na gasiketi ya kichwa cha injini ni ya kutiliwa shaka. Kisha anauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, sehemu ambayo haitoki kila siku. Kukiwa na alama ya tope iliyokatiza, gari hilo limewahi kunywa maji. Anapitisha kidole kwenye reli za viti kutafuta kutu, anainua zulia na kunusa. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likazifikia nyumba za Gatumba na mitaa ya ufukweni, ukaguzi huu mdogo una maana kuliko rangi inayong'aa. Umeme wa gari lililozama unaweza kufanya kazi miezi kadhaa kabla ya kuanza kufa kipande kwa kipande, na kwa wakati huo liko mikononi mwa rafiki.

Halafu kuna mafuta. Uhaba ulioanza kubana mwaka 2021 umewafundisha madereva kununua petroli kwenye madumu na chupa, mengine yakivushwa kutoka Uvira, upande wa Kongo, na si kila dumu lina petroli tupu. Chukua gari lililouzwa mwezi mmoja uliopita likaanza kukohoa kwenye mlima wa kwenda Bugarama. Mnunuzi anasema injini ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Muuzaji anasema, wewe umelinywesha uchafu. Kila mmoja anaweza kuwa mkweli, na bila ukaguzi wa siku ya kuuziana hakuna wa kuwatenganisha. Nimewaonea huruma watu wa pande zote mbili katika magomvi ya aina hii, kwa sababu uhaba wa mafuta haukuletwa na yeyote kati yao.

Pesa nazo. Rafiki halipi zote kwa mkupuo; analipa nusu, iliyobaki “mwezi hadi mwezi”. Kopa harusi, lipa matanga. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ya bei rasmi ikaruka kutoka faranga elfu mbili na ushee hadi zaidi ya 2,800, na ya kichochoroni ilikuwa juu zaidi. Aliyekuwa ameuza gari kwa mafungu akajikuta anapokea faranga zilezile walizoagana, ambazo hazinunui tena kitu kilekile. Mwezi uliofuata benki hiyo ikaondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 kwa kutoa siku kumi tu. Fikiria mdaiwa aliyekuja na bahasha ya noti hizo siku ya tisa: amelipa, au amemsukumia mwenzake mzigo? Kama hawakuandika bei ni ya sarafu gani, inalipwa lini na kwa njia ipi, hakuna jibu litakalowaridhisha wote wawili.

Kinachonitia hofu zaidi ni jina. Gari limeshakabidhiwa, lakini karte roze, yaani kadi ya usajili, bado ina jina la muuzaji, kwa kuwa kwenda OBR kubadilisha kuna gharama na foleni. Siku gari hilo likimgonga mtu kule Kamenge, polisi wataanza kumtafuta aliyeandikwa. Bima nayo ilikatwa kwa jina lake. Muuzaji aliyeyasahau hayo yote anaitwa kueleza gari ambalo hajalishika kwa mwaka mzima, na ushahidi wake pekee ni neno la rafiki ambaye sasa ana sababu ya kunyamaza.

Sheria haijawaacha watu hawa mikono mitupu. Mikataba Burundi inatawaliwa mpaka leo na dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungiwa Dola Huru ya Kongo na kuletwa huku na Wabelgiji. Kwa sheria hiyo, kasoro inayoonekana kwa macho ni ya mnunuzi, angetazama. Iliyofichika ni ya muuzaji hata kama hakuijua, isipokuwa walikubaliana wazi kwamba hatoi dhamana. Mnunuzi anaweza kulirudisha gari na kurudishiwa pesa, au akabaki nalo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua akanyamaza, hulipa na hasara zilizofuata. Ila mnunuzi asikae. Sheria inamtaka adai kwa muda mfupi, kwa kutegemea aina ya kasoro na desturi ya mahali. Anayeona haya miezi minane kwa sababu ya urafiki, haya hiyo inaweza kumgharimu haki yake.

Kabla ya mahakama kuna wazee. Mabaraza ya kilima na ya mtaa yaliyorudishwa kisheria mwaka 2021 kwa ajili ya usuluhishi yanarithi kazi ya bashingantahe, wale wazee wasuluhishi wa jadi, na kwa ugomvi wa gari kati ya watu wanaoendelea kuonana kila siku nayaona ni bora kuliko jaji. Lakini mzee, hata awe na busara kiasi gani, atafanya nini na maneno matupu? Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaosali pale Buyenzi wanaijua aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara. Inahusu kuandika deni, dogo au kubwa, kwa mwandishi na mashahidi, na inataka mashahidi hata pale watu wanapouziana. Haimtoi rafiki wala ndugu. Kwa hiyo anayemwambia swahibu yake “tuandikiane” asionekane amemshuku.

Na karatasi hiyo si ndefu. Namba ya chesisi, kilometa za siku ile, kasoro zinazojulikana zimetajwa moja moja, bei na tarehe za malipo, siku ya kwenda OBR pamoja, saini na mashahidi wawili. Anayeweza aipeleke kwa noteri. Wale ambao wameshauziana bila hiyo, na gari limeshakufa, bado wana nafasi moja nzuri: wachague fundi asiyekuwa wa yeyote kati yao, wamlipe nusu kwa nusu kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, na wote wawili wawepo giaboksi inapofunguliwa. Gia iliyoliwa kwa miaka na bomba la mafuta lililozibwa na uchafu wa mwezi uliopita havifanani, na fundi wa Buyenzi ataweza kuwaonyesha tofauti yake pale pale mezani, kabla hawajafika kwa wazee.