Taharuki Haimo Katika Kuficha: Funzo Kutoka Filamu ya Mwaka 1951

Taharuki ni miongoni mwa dhana ambazo wanafunzi wetu huzikariri vizuri lakini hushindwa kuzitumia. Mwulize mwanafunzi taharuki ni nini, naye atajibu bila kusita kuwa ni hamu na wasiwasi wa msomaji kuhusu litakalotokea. Mpe kalamu atunge hadithi, utaona anaficha kila jambo hadi ukurasa wa mwisho, akidhani kuwa kuficha ndiko kutaharukisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi mambo ni kinyume chake. Mfano wetu ni filamu ya Strangers on a Train, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa mwaka 1951.

Filamu hii ilitokana na riwaya ya kwanza ya Patricia Highsmith, iliyochapishwa mwaka 1950. Kuanzia Julai hadi Septemba mwaka huo, majira ya joto yakielekea ukingoni, mwandishi Raymond Chandler alikuwa nyumbani kwake La Jolla, California, akiandika mswada wa filamu. Alikuwa na umri wa miaka 62, na tayari alikuwa bingwa wa riwaya za upelelezi. Hata hivyo, yeye na Hitchcock hawakuelewana. Chandler alitaka kila tendo la mhusika liwe na sababu inayoaminika. Alilalamika kuwa mwongozaji alikuwa tayari kuitoa mhanga mantiki ya hadithi ili apate picha ya kusisimua. Hatimaye kazi ilikabidhiwa kwa Czenzi Ormonde, aliyeuandika upya mswada huo.

Kisa chenyewe ni hiki. Guy, mchezaji tenisi, anakutana na Bruno ndani ya treni. Bruno anapendekeza wabadilishane mauaji: yeye amwue mke wa Guy, naye Guy amwue baba yake Bruno. Guy halichukulii jambo hilo kwa uzito, lakini Bruno anakwenda kuua kweli. Baadaye, Guy anapokataa kulipa “deni” lake, Bruno anaamua kupeleka kibiriti cha gesi cha Guy mahali pa mauaji ili kumsingizia.

Tazama sasa taharuki inavyojengwa. Guy yumo uwanjani na lazima amalize mchezo upesi ili amwahi Bruno. Wakati huohuo, kibiriti kinamponyoka Bruno na kutumbukia katika tundu la mtaro, naye ananyoosha vidole kukitafuta. Hitchcock anatupeleka uwanjani, anaturudisha mtaroni, kisha uwanjani tena. Hakuna kilichofichwa hapo. Tunajua muuaji ni nani, anataka nini na anakwenda wapi. Tusilolijua ni moja tu: je, Guy atawahi?

Katika mazungumzo yake na François Truffaut ya mwaka 1962, Hitchcock alieleza tofauti hii kwa mfano wa bomu lililowekwa chini ya meza. Likilipuka ghafla bila mtazamaji kujua kuwa lilikuwepo, atashtuka kwa sekunde 15. Akijua tangu mwanzo kuwa lipo, huku wahusika wakiendelea na soga zao za kawaida, atakaa na wasiwasi kwa dakika 15. Hali ya kwanza ni mshangao. Ya pili ni taharuki.

Je, kuficha hakuna nafasi? La hasha! Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa anachunguza mauaji, nasi tunasoma tukitaka kumjua aliyeua. Hilo ni fumbo, nalo lina utamu wake. Lakini fumbo huuliza “nani alifanya?” ilhali taharuki ya aina tuliyoieleza huuliza “itakuwaje?” Mwalimu anayeyachanganya mawili haya humwachia mwanafunzi ufafanuzi usio na kazi.

Tunapendekeza zoezi lifuatalo darasani. Kwanza, wanafunzi waandike aya moja kuhusu mama anayesubiri basi akiwa na ada ya mwanawe mkobani. Pili, waandike upya aya hiyo wakimwonyesha msomaji, mapema kabisa, kijana aliyeuona mkoba huo, mama asijue. Tatu, wachelewesheni basi. Maneno mengine yabaki yaleyale. Mwishowe wasomeane aya zote mbili na kujadili ni ipi iliyowashika, na kwa nini.

Malalamiko ya Chandler nayo tusiyapuuze. Kama hatuelewi kwa nini mama amebeba fedha taslimu, au kwa nini kijana anazihitaji, basi likichelewa litatuchosha tu. Msomaji humhofia mhusika anayemwamini. Kwa hiyo, kabla ya kuwaambia wanafunzi “ongezeni taharuki”, tuwaulize maswali mawili: msomaji anajua nini ambacho mhusika hakijui, na mhusika huyo atapoteza nini?