Presha ya Tabo: Pima Kabla ya Kuongeza, Hasa Ukiteremka Pwani

Desemba inapokaribia, gereji nyingi katika kaunti yetu hupata wateja wanaotayarisha magari kwa safari ndefu. Mmoja anabadilisha breki, mwingine tairi. Yupo pia mwenye gari la tabo lililotoka Japani, ambaye anaona gari lake limekuwa zito mlimani. Anaambiwa kuna kifaa kidogo cha kuongeza presha ya tabo, kinachofungwa kwa nusu saa. Analipa, gari linaamka, na wiki mbili baadaye anaipakia familia na kuelekea Mombasa.

Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, kipo cha aina gani, na ni nani anayekihitaji. Yanawahusu wenye magari, na yanawahusu vilevile vijana wanaosomea umakanika. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti, na fundi anayehitimu leo ataombwa kazi hii kesho.

Tabo inavyofanya kazi

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo kwenye ekzosi. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili mmoja na feni ya pili, ambayo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikiongezwa kwa kiasi chake, injini hutoa nguvu zaidi.

Tabo ikiachwa izunguke bila kizuizi, presha itapanda hadi ivunje kitu. Kwa hiyo kando ya feni ya ekzosi kuna mlango mdogo ambao mafundi huuita westigeti. Mlango huo ukifunguka, sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuzungusha feni. Unafunguliwa na kikopo chenye springi ndani yake, kinachopokea presha ya tabo kupitia hosi nyembamba. Kama springi ni ya psi 7, presha ikifika hapo mlango huanza kufunguka na presha haiendelei kupanda.

Kidhibiti cha presha hukaa kwenye hosi hiyo nyembamba. Kazi yake ni kupunguza au kuchelewesha presha inayofika kwenye kikopo, ili mlango uchelewe kufunguka. Kwa maneno mengine, kinakidanganya kikopo kwamba presha bado iko chini. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: vidhibiti vya kawaida vya aina hii huongeza presha tu. Haviwezi kuishusha chini ya kiwango cha springi.

Aina tatu za udhibiti

Ya kwanza ni kidhibiti cha mkono. Ni valvu ndogo ya chuma yenye skrubu ya kukaza au kulegeza. Zipo zinazomwaga hewa kidogo nje, na zipo zenye gololi na springi ndani, ambazo huzuia hewa kabisa hadi presha ifike kiwango kilichowekwa. Ile ya gololi kwa kawaida huipandisha presha haraka zaidi. Kidhibiti cha mkono ni rahisi na hakihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba hakijui lolote kuhusu injini. Hakijui kama petroli ni duni, kama hewa ni ya moto au kama gari limeshuka pwani.

Ya pili ni kidhibiti cha umeme. Kina kihisio cha presha, kompyuta yake ndogo, na valvu ya solenoidi inayofunga na kufungua mara nyingi kwa sekunde. Unaweza kuweka viwango tofauti, na vilivyo bora hukata presha ikizidi kiwango au humlilia dereva. Bei yake ni ya juu zaidi, na kukifunga kunahitaji fundi anayeelewa nyaya.

Ya tatu ni ile iliyokuja na gari. Magari mengi ya tabo ya miaka ya karibuni tayari yana solenoidi inayoongozwa na kompyuta ya gari. Ukifunga kidhibiti cha mkono juu ya mfumo huo, viwili hivyo hushindana. Kompyuta ikiona presha imepita kiwango chake, mara nyingi hukata petroli au hupunguza nguvu ghafla. Hebu fikiria hilo likitokea ukiwa katikati ya kulipita lori.

Wenye pikapu za dizeli wazingatie jambo la ziada. Pikapu nyingi za dizeli za sasa hazina westigeti ya aina tuliyoeleza. Tabo zake zina mapanga madogo yanayobadilisha mkao kwa amri ya kompyuta. Kidhibiti cha skrubu si chao kabisa.

Mwinuko hubadilisha hesabu

Hapa ndipo sisi wa Kenya tunapaswa kuwa waangalifu kuliko maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti ya kifaa. Nchi yetu huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,700 barabarani pale Timboroa. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda.

Mombasa, hewa ya kawaida ina presha ya takriban psi 14.7. Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ni kama psi 11.7. Geji nyingi za tabo husoma ziada tu juu ya hewa iliyopo. Kwa hiyo gari lenye springi ya psi 7 litaonyesha 7 Mombasa na 7 Nakuru, lakini injini haipati kitu kilekile. Mombasa inapata jumla ya 21.7, Nakuru inapata 18.7. Ndiyo sababu gari linahisi zito huku juu, hata kama halina ugonjwa wowote.

Sasa fundi wa Nakuru anakaza skrubu hadi geji isome 10. Jumla inakuwa 21.7, sawa na ya Mombasa, na mwenye gari anafurahi. Lakini tabo imelazimika kuishindilia hewa hadi karibu mara 1.85 ya ilivyoikuta, ilhali pwani ingefanya kama mara 1.5. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi.

Kisha gari linateremka pwani skrubu ikiwa palepale. Geji bado inasoma 10, na dereva haoni tofauti. Ndani ya injini jumla imekuwa 24.7. Ni psi 3 zaidi ya ilivyokuwa inapata ikiwa Mombasa na springi yake ya awali, tena kwenye joto la pwani na huku gari limejaa watu na mizigo.

Hatari iliyopo

Hewa ikizidi na joto likapanda, petroli inaweza kulipuka yenyewe ndani ya silinda, nje ya mpangilio wa plagi. Sauti yake ni kama kokoto zinazogongana ndani ya mkebe, na mara nyingi kelele za barabara huifunika. Mlipuko huo hupasua pistoni, huvunja ringi na huchoma gaskit ya hedi. Wengi wetu husema injini "imenoki" ikishakufa. Kugonga huku ndiko mara nyingi huanza kabla ya kifo hicho.

Petroli nayo ina mchango. Baadhi ya magari ya tabo ya Japani yalitengenezwa kutumia petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kiwango cha chini cha okteni yake ni 96. Petroli ya kawaida kwenye vituo vyetu iko chini ya hapo. Gari kama hilo likitumia petroli ya kawaida tayari lina nafasi ndogo ya usalama, hata kabla ya kuongezewa presha.

Anza na haya

Kabla ya kununua kidhibiti chochote, hakikisha injini ni nzima. Mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda, akague hosi zote za hewa na intakula kama zinavuja, abadilishe plagi zilizochoka, na asome kompyuta ya gari kwa mashine. Mara nyingi "ukosefu wa nguvu" huwa ni hosi iliyopasuka au kichujio cha hewa kilichoziba. Kutengeneza hivyo ni nafuu kuliko kifaa chenyewe.

Pili, funga geji ya presha kwanza. Anayeongeza presha bila geji anakisia tu.

Tatu, chagua kulingana na gari lako. Kama lina udhibiti wa kompyuta, liache lilivyo. Ukitaka zaidi, tafuta fundi anayebadilisha programu ya kompyuta huku akipima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye mashine ya rola, si kwenye barabara kuu. Kama ni gari la zamani lenye springi pekee, na linabaki kwenye mwinuko mmoja, kidhibiti cha gololi kinatosha, kikiwekwa kwa kiasi kidogo na kufungwa chini ya boneti ambako dereva hatakigusa akiwa safarini. Ukisafiri kati ya nyanda za juu na pwani, chagua cha umeme chenye kukata presha ikizidi, na uulize kama kihisio chake hupima presha kamili au ziada tu. Kama ni cha mkono, kirudishe kwenye kiwango cha springi kabla ya kuteremka.

Nne, angalia ufungaji. Hosi inayoingia kwenye kikopo ikichomoka, mlango hautafunguka kabisa na presha itapanda bila mpaka. Kila ncha iwe na klipu, hosi iwe fupi na isiguse ekzosi. Kwa kidhibiti cha umeme, mwambie fundi akuonyeshe kuwa umeme ukikatika, gari linarudi kwenye presha ya springi.

Tano, mjulishe mwenye bima yako. Gari lililoongezwa nguvu si lile ulilolieleza ulipochukua bima, na kunyamaza kunaweza kukuletea mgogoro siku ya kudai fidia. Kumbuka pia kwamba breki na tairi hazikuongezwa nguvu.

Maswali ya kumwuliza fundi

Kabla ya kulipa, uliza: Springi ya gari langu ni ya psi ngapi? Utaweka ngapi, na kwa mwinuko gani? Umepimaje kwamba petroli inatosha kwa hewa hiyo? Nikishuka pwani nifanye nini? Kisha dai risiti yenye kiwango alichoweka kikiwa kimeandikwa.

Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo, kwa sababu ndiyo anayojiuliza mwenyewe. Akikujibu kwamba "ni kukaza tu kidogo," ondoka na gari lako likiwa lilivyo. Litapanda polepole Timboroa, lakini litakufikisha Mombasa na kukurudisha nyumbani.