Kutoka Bungu hadi Nyamisati, uliza mwezi kwanza

Hallstatt, mji mdogo kando ya ziwa kwenye milima ya Austria, kituo chake cha treni kiko ng'ambo ya maji. Abiria akishuka, boti iko tayari kumvusha, maana ziwa lile halijai wala halipwi. Anayeshuka basi Bungu, barabara ya Kilwa, akakata kushoto kwenda Nyamisati kutafuta chombo cha kisiwa cha Mafia, anaingia kwenye hesabu nyingine kabisa.

Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila kukicha huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa kuwa yanafuata mwezi, si jua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta kwa pamoja: hilo ndilo bamvu. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo maji hujaa alfajiri, kama saa kumi au kumi na moja, na kufika saa nne asubuhi yameshakimbia, mkondo umebaki tope. Ndiyo sababu manahodha wa vyombo vidogo huamsha watu usiku. Mgeni hudhani anaonewa!

Ukitaka kujua bamvu hufika wapi, tazama mikoko. Chaza wameng'ang'ania mizizi hadi kimo fulani, juu kidogo kuna alama ya tope, kisha gome kavu. Mto Rufiji nao humwaga mchanga na udongo humu deltani bila kupumzika, kwa hiyo mafungu huhama. Mlango uliopitika mwaka jana si lazima upitike leo. Waingereza walilijua hilo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha humu mwaka 1914, meli zao kubwa zilibaki nje baharini. Ilibidi waletewe meli Severn na Mersey, zisizohitaji kina kirefu, ndizo zilizoingia Julai 1915 na kuimaliza.

Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Kujaa kwake ni asubuhi iliyokwishapambazuka, mkondo hauna nguvu, na njia yote ya mikoko unaiona kwa macho yako. Mwenye familia na mizigo achague siku hizo, hasa kati ya Oktoba na Machi, kusi likiwa limetulia na papa potwe wakiwa Kilindoni, huko Mafia.