Pikipiki ya Newala: Wewe Unakaa Mbele au Nyuma?

Mume wangu anataka Yamaha DT ya zamani, ile yenye injini ya mipigo miwili. Mimi nataka ya mipigo minne. Tutapita njia za mashambani kati ya Masasi na Newala, na anayekaa nyuma ni mimi, kwa hiyo kura yangu ina uzito!

Nimkubalie moja. Tu-stroki huwaka kila krankshafti ikizunguka mara moja; fo-stroki husubiri mizunguko miwili. Ndiyo maana DT ni nyepesi na ikichanganya inaruka kama swala. Kwenye mchanga wa mikoroshoni, wepesi huo ni raha. Tena haina vali za kurekebisha.

Lakini mpenzi msomaji, kupanda Newala si ishu. Ishu ni kushuka. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla kama ukingo wa meza. Kwa fo-stroki, ukiweka gia ya chini na kuachia mafuta, injini yenyewe inakushika. Tu-stroki haishiki sana. Mzigo wote unabebwa na breki, zinapata moto, zinalegea. Na kama oili imechanganywa na petroli, ukifunga mafuta mteremko mrefu pistoni nayo inanyimwa oili. Halafu ule moshi, na mtu umetoka saluni!

Bodaboda walishaamua zamani: Boxer na TVS zao ni fo-stroki, hazinywi sana petroli.

Mzee wako akikataa kabisa, basi breki zikaguliwe kwanza, na mteremkoni afungue mafuta kidogo mara kwa mara, pistoni ipate oili.