Mida Mwezi wa Aprili: Ndege Wakijiandaa Kurudi Siberia

Theluji ikiwa bado imefunika Siberia, majira ya kuchipua ya huko huwa yamekwisha kuanza kwenye matope ya Mida, hori yenye mikoko iliyo nyuma ya Watamu, kusini mwa Malindi. Kuanzia Machi, vitwitwi walioishi hapo tangu Agosti na Septemba wakiwa na rangi ya kijivu hubadilisha manyoya. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, huuanza Aprili akiwa amegeuka rangi ya matofali kuanzia kichwani hadi tumboni. Hilo ndilo vazi lake la arusi. Atakwenda kuzaa kwenye nyika zenye barafu za kaskazini ya Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Mida.

Safari ya kwenda kuwatazama inafaa ipangwe kati ya wiki ya mwisho ya Machi na wiki ya tatu ya Aprili. Anayetangulia hukuta wengi wangali wa kijivu, na hata mtaalamu hupata taabu kuwatofautisha. Anayechelewa hukuta wengi wameshaondoka. Wapwani wanaufahamu muda huu kwa sababu nyingine: ndipo kaskazi inapokufa na pepo za kusi kuanza. Majahazi ya Uarabuni yaliyokuja na kaskazi yalisubiri mageuzi hayo ili yarudi kwao, na ndege anayeelekea kaskazini naye hunufaika na upepo unaomsukuma kutoka nyuma.

Baada ya kuchagua mwezi, kinachobaki ni kuchagua maji, na hapa ndipo wageni wengi hupoteza siku. Maji yakitoka, Mida huwa uwanja mpana wa matope, na ndege hutawanyika mbali wakitafuta kaa na minyoo, kiasi kwamba darubini huonyesha vitone tu. Maji yakijaa kabisa, matope hufunikwa na ndege huhamia wanakopumzikia. Saa za neema ni zile za maji kujaa, pale bahari inapowasogeza hatua kwa hatua hadi karibu na mikoko.

Kwa bahati njema, pwani ya Kenya ina utaratibu unaorahisisha hesabu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayepanga safari siku ya mwezi mpevu au mbili baadaye, na kufika kwenye daraja la mbao la Mida kabla ya saa nane mchana, atakuwa na saa mbili au zaidi za kutazama, jua likielekea kuwa mgongoni mwake. Siku za maji mafu, maji hujaa kabla ya adhuhuri na jua la asubuhi humwingia mtazamaji machoni. Ni afadhali kuahirisha safari kwa wiki moja kuliko kwenda siku hizo.

Daraja hilo hupita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuchungulia. Sehemu ya kiingilio huwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na hori na msitu. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulipa bila kuomba kupunguziwa.

Ndege ambaye hapaswi kukosa kutazamwa ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mithili ya panga. Yeye haendi Siberia. Huvuka hadi Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Hakuna ndege mwingine wa jamii za vitwitwi anayetaga shimoni namna hiyo. Waswahili walioko Oman wanaweza kumwona huko Barr al-Hikman, ambako huzaliana.

Asubuhi ni ya msitu. Arabuko-Sokoke, wenye eneo la takriban kilomita za mraba 420, uko ng'ambo tu ya barabara ya Mombasa–Malindi. Humo huishi bundi wa Sokoke, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, ambaye nje ya eneo hilo hupatikana tu kwenye msitu wa Dakatcha na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Bila mwongozaji wa hapo si rahisi kumwona. Njiani, waya za umeme zikaguliwe vizuri, kwani Aprili hupitisha kambu wa Ulaya, wa buluu wenye mgongo wa kahawia, wakielekea Somalia na Uarabuni.

Mzigo uwe mwepesi: darubini ya 8x42, kofia, maji ya kunywa, koti la mvua kwa kuwa masika huweza kuwahi, na viatu visivyoogopa tope. Kutoka Mombasa, matatu ya Malindi humshusha msafiri Gede, na tuktuk humalizia safari.

Jambo moja halina mjadala. Ndege hawa wanajaza mafuta mwilini, na kila wanaporushwa huchoma akiba ya safari. Wakiacha kula na kuinua vichwa kwa pamoja, mtazamaji amekaribia mno. Arudi nyuma taratibu.

Aliyebanwa na kazi hadi Aprili ikaisha asikate tamaa. Kaskazini ya Malindi, kwenye mlango wa mto Sabaki, wakati huo huingia ndege wengine wembamba, wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, waliovuka bahari kutoka Madagaska. Hao hukaa hadi Septemba.