Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi ya Utafiti wa Sonona

Juzi nilikuwa Moi's Bridge, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, nikitafuta mahindi. Mama mwenye nyumba niliyofikia akaniletea karatasi. "Wewe Mswahili wa Mombasa, hebu nisomee. Nikiweka sahihi wataniandika wazimu?" Tangu amzike mumewe halali vizuri, na chakula hakimpiti.

Ilikuwa fomu ya ridhaa ya utafiti wa tiba ya sonona, ile huzuni inayoganda wala haitoki. Alikuwa amekwisha kuulizwa yale maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 wahitaji kutazamwa zaidi. Hapo hakuna neno wazimu, nikamwambia.

Kilichomuudhi ni kura. Washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapate tiba mpya, wengine huduma ya kawaida au wangoje. "Niumwe, halafu niambiwe ningoje?"

Ana haki kuuliza. Lakini huzuni nyingine hupungua zenyewe siku zikipita, na bila kundi la pili hutajua nafuu imeletwa na nini. Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakizungumza tu, bila vidonge. Matokeo yalichapishwa 2003. Waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5; vijiji visivyopata tiba, 54.7. Kabla ya hapo, pande zote mbili walikuwa zaidi ya 80. Tazama: hata wasiotibiwa walipungua. Tungewatazama wa vikundi peke yao tungeipa tiba sifa isiyo yake yote.

Nikamwambia: Mama, uliza barua ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI. Uliza nani ataona majibu yako. Waweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yasiguswe. Tena swali la tisa lahusu mawazo ya kujidhuru. Mwenye nayo asingoje kura ya mtu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akaikunja karatasi bila kuitia sahihi. "Jumatatu nitaenda," akasema, "lakini mimi ndio nitaanza kuuliza."