Mchezo wa Herufi na Fomu za Ofisini

Kila Jumamosi mkutano wa tawi letu ukiisha, kelele huzuka ukumbini hata mpita njia hudhani tunacheza karata. Sivyo. Tunacheza mchezo wa herufi uitwao Scrabble. Kila mchezaji huchota vibao saba vyenye herufi, kisha hutafuta neno la Kiingereza awezalo kulipata humo, akalipanga likutane na neno lililokwisha wekwa. Vibao vyetu tulivikata wenyewe kutoka kasha kuukuu la chai, na herufi tukaziandika kwa wino.

Mchezo huu ulibuniwa na mtu aliyekosa kazi. Alfred Butts alikuwa msanifu wa majengo New York, Marekani. Mwaka 1931, uchumi ulipoanguka, alipoteza kazi kama mamilioni ya wenzake. Alipokuwa akibuni mchezo wake alichukua ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times, akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo iliyogawa vibao 100 vya mchezo: E ni 12, A ni 9, I ni 9, lakini Q ni moja na Z ni moja, na kila moja ya hizo mbili ina pointi 10 kwa sababu ni adimu. Vibao viwili havina herufi, mchezaji huvipa herufi apendayo. S aliziweka 4 tu. Waingereza hutia S mwishoni mwa neno kufanya wingi, naye aliona zikijaa mezani mchezo utakuwa rahisi mno.

Makampuni yaliukataa. Mwaka 1948 mtu mwingine, James Brunot, aliuchukua na kuupa jina la Scrabble. Yeye na rafiki zake walipiga chapa herufi kwenye vibao, kimoja kimoja, katika nyumba ya shule iliyoachwa huko Connecticut. Mwaka 1949 walitengeneza seti kama 2,400 wakaishia na hasara ya dola 450. Miaka michache baadaye oda ziliwazidi nguvu, ikabidi kampuni kubwa iingie. Butts, aliyekaa akihesabu herufi gazetini, alilipwa senti chache kwa kila seti. Hapo nanyamaza, ninyi wenyewe mnajua mambo hayo.

Sasa, neno hupatikanaje katika herufi saba zilizochanganyika? Sisi tuliozoea Kiswahili tuna taabu ya pekee: jicho hutafuta irabu mwishoni, maana maneno yetu huishia hapo. Kiingereza hakijali. Neno STRENGTHS lina herufi tisa na irabu moja tu. RHYTHM halina A, E, I, O wala U. Tena sisi wingi tunauweka mbele, kiti kikawa viti, wao wanauweka nyuma.

Basi mimi huanza na ncha. Nikiwa na I, N na G naziweka pembeni upande wa kulia, maana vitendo vingi huishia hivyo. E na D vilevile, E na R vilevile. U na N, au R na E, naziweka kushoto. Zilizobaki katikati huwa chache na kichwa hupumua. Njia nyingine ni kuzipanga herufi kwa mfuatano wa abc. Chukua E, I, L, N, S, T. Humo kuna LISTEN, yaani sikiliza, na SILENT, yaani kimya. Kuna pia ENLIST, kujiandikisha jeshini. Mwanachama mmoja alisema meneja wetu anazijua mbili za kwanza tu, na zote anatuamuru sisi.

Nilijifunza kuangalia ncha kwa aibu. Nilipokuwa katibu mpya wa tawi, mzee mmoja wa mashine ya kukaushia chai aliomba likizo akazike kwao. Ofisini alipewa fomu, akatia sahihi, akakaa wiki tatu. Mwisho wa mwezi bahasha yake ilikuwa nyepesi. Akanijia na nakala.

“Katibu, soma mwenyewe. Hapa wameandika nitalipwa.”

Yeye alisoma hadi darasa la nne, na neno PAID alilijua kwa kuliona kwenye muhuri wa stakabadhi za duka. Mimi wa darasa la saba niliipitia haraka, nikaliona PAID, nikaenda ofisini kifua mbele kudai haki ya mzee. Karani hakubisha. Aliweka kidole chini ya herufi mbili za mwanzo. Imeandikwa UNPAID LEAVE, likizo bila malipo. Njia ya kurudi kwa mzee ilikuwa ndefu, na nilipomweleza hakunilaumu. Aliuliza tu, “Hizo mbili nazo zinasomwa?”

Lakini kuliona neno si kulijua. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno. Mwaka huohuo, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza. Nawaheshimu wote wawili. Ila ukumbini kwetu tumeweka sheria isiyo ya Butts: anayepanga neno aseme maana yake kwa Kiswahili. Akishindwa, analiondoa na zamu yake imekwenda.

Dai letu kwamba fomu ziandikwe kwa lugha ya wanaotia sahihi bado halijajibiwa. Wakati tunangoja, tunacheza Jumamosi kuanzia saa tisa. Wa kutoka mashambani waje pia, na mwenye kamusi, hata iliyochanika jalada, aje nayo. Yetu imepoteza kurasa za W.